Nataka Kugombana Kijijini

Mwanangu Zuwena,

Salamu tumeshapeana asubuhi kabla sijaenda kazini, na tena jioni nilipokukuta mlangoni na maboksi yako, kwa hiyo naziruka. Umepanda juu kumuaga Mama Njeri, na Mama Njeri hamwachi mtu kabla hajamlisha, basi n'na nafasi ya kuandika. Isome kwa sauti. Kiswahili chako ni cha kusikia jikoni, si cha kusoma, na uandishi wangu miye ni wa kusema tu. Skuli nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu. Ukisoma kimya utapotea njiani. Ukisoma kwa sauti utanisikia.

Sitakuandikia habari za soksi nzito wala za kula kwa wakati. Hayo nimeyasema miaka yote na umefanya uliyoyataka. Tena nimechoka, mwanangu. Kutwa nimesugua sakafu za uwanja wa ndege chini ya miguu ya watu wanaokwenda kwao, nimerudi hapa Hounslow nakuta na wewe unafunga mizigo unakwenda kwako. Magoti yanawaka. Koti la kazi sijalivua. Uchovu wa mwili naujua dawa yake, ni maji ya moto na chumvi. Huu mwingine ndio ulionikalisha hapa.

Kuna neno umeniuliza na sijakujibu. Umesema kesho ukishavuka na ile treni ya chini ya bahari, ukafika kijijini kwako Ufaransa, huna siku nyingi za kutia saini ili jina lako liingie kwenye orodha ya wanaotaka udiwani wa kijiji. Na umesema bila radhi yangu hutii saini. Tangu uje unanitazama kila nikikumiminia chai. Jibu limo humu. Lakini usiruke ukaenda chini kulitafuta, maana utalishika neno ukaacha kilicholizaa.

Nianze na siku ile ya simu. Miye nimo ndani ya basi, basi limejaa, wee ukapiga na furaha imekujaa mdomoni.

"Mama, nataka kugombana kijijini."

Nikakuuliza, "Nani kakuchokoza?"

"Hakuna. Mzee Lucien ameniomba."

"Mzee mzima, mfuga ng'ombe, anakuomba ugombane? Ugombane na nani?"

"Na watu wengine. Halafu kijiji chote kitapiga."

"Watakupiga?" Nilipiga ukelele, basi zima likageuka. Bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa ubavuni kwangu akanishika mkono akidhani nimeletewa habari ya msiba. Mpaka uliposema "kura, mama, kura," ndipo nikafahamu kuwa hugombani, unagombea. Tukacheka mpaka machozi. Bibi wa Kihindi naye akacheka, hajui anachochekea.

Lakini niliposhuka kituoni kicheko kilikuwa kimeshaniishia. Maana hukukosea sana, Zuwena. Kule nilikotoka miye, kugombea na kugombana ni ndugu wa tumbo moja, na wote wawili walikula kwetu.

Wewe Pemba huijui. Umezaliwa Denmark, kwenye baridi, na kila ulipouliza kwa nini tulihama tulikujibu "siasa", kama mtu anayefunika sufuria ili mtoto asione kilichomo. Leo nakufunulia kidogo. Watu wakisikia siasa za kwetu wanataka habari za askari na bunduki. Zilikuwepo, sikatai, baba'ko alizikimbia hizo. Lakini mimi kilichonivunja ni mabakuli.

Kwetu bakuli likitoka nyumba hii kwenda ile, halirudi tupu. Umepeleka ndizi, litarudi na samaki. Umepeleka uji, litarudi hata na ndimu mbili. Halipangwi, halisemwi. Basi ulipokuja uchaguzi watu wakagawika rangi mbili za vyama, na mabakuli yakaacha kuvuka ua. Kwanza nikadhani watu wamesahau. Kisha ikafika Ramadhani, jua likazama, na nyumba iliyopakana na yetu, ambayo mama yangu aliwazalisha watoto wake wote, haikuleta kitu na haikupokea kitu. Ndiko kususa huko. Mjomba wako Khamis duka lake lilisusiwa. Watu walipita mbele yake, wakaenda mbali kununua sukari ile ile kwa mtu wa rangi yao, na yeye amekaa nyuma ya mizani, anafukuza nzi. Na usidhani sisi tulikuwa malaika. Sisi nasi tulisusa. Nilikuwa nikienda kisima cha mbali kwa sababu cha karibu kilikuwa cha "wale".

Babu yako alifariki katikati ya mambo hayo. Wewe umeona mazishi yetu: jeneza halikai bega moja. Mtu anashika hatua chache, mwingine anampokea, kila mmoja anataka sehemu yake, hata aliyekuwa akipita njia. La babu yako lilitoka nyumbani na mabega yale yale likafika makaburini na mabega yale yale. Hakukuwa na wa kupokea. Wanaume walikaa kwenye baraza zao wakatazama likipita. Mmoja wao alipakana shamba na babu yako tangu ujana wao. Aliinamisha kichwa, lakini hakunyanyuka. Khamis alirudi bega limechubuka, akakaa jikoni kwetu, na mimi nikampaka mafuta.

Ndiyo maana ukinitajia uchaguzi sioni sanduku la kura. Naona lile bega.

Sasa nikuhadithie dirisha, ambalo wewe unalikumbuka kwa aibu.

Tulikuwa tumeshahamia hapa London, wewe umo kwenye yunifomu ya skuli. Uchaguzi wa kaunsili, baraza la mtaa, ukaja. Akabisha hodi kijana, kifuani ana ua la kitambaa la rangi ya chama chake, anatabasamu. Akaniuliza kama wategemee kura yangu. Mimi Kiingereza changu wakati ule kilikuwa "ndiyo" na "asante". Nikasema ndiyo, asante. Akanipa karatasi kubwa ya kubandika dirishani, nikaibandika. Siku ya pili akaja mwanamama mwenye ua la rangi nyingine. Ndiyo, asante. Nikabandika na yake. Akaja wa tatu. Uliporudi skuli ulisimama nje barabarani unatazama dirisha letu lina vyama vyote, limeziba mpaka jua haliingii.

"Mama! Huwezi kufanya hivi!"

"Kwa nini nisiweze? Dirisha si langu?"

"Unachagua kimoja! Watu watadhani sisi wazimu!"

"Wacha wadhani. Mwendawazimu hasusiwi na mtu."

Ulizibandua zote ukilia, ukaenda kuzitupa kwenye pipa la nyumba nyingine ili zisijulikane zimetoka kwetu. Kwa miaka unawachekesha shangazi zako kwa hadithi hiyo, na miye nacheka nao. Lakini sikuwa mjinga, mwanangu. Nilikuwa nafanya hesabu ya kwetu. Kumwambia mmoja ndiyo ni kuwaambia wawili hapana, na hapana nilishaona inavyobebwa. Kura yenyewe sikwenda kupiga. Kila kadi ya kura iliyoingia mlangoni niliitia kwenye droo ya vijiko.

Nikajiona nimepata akili. Kaa kimya, sema ndiyo kwa wote, usiwe na rangi. Na ilinifaa, mpaka walipotaka kuufunga ukumbi.

Ukumbi ule wa chini, karibu na mashine za kufulia, unaukumbuka. Sisi Alhamisi tukisomea maulidi, wenzetu Wakenya Jumamosi wakifanya chama chao, na watoto wote mkicheza humo mvua ikinyesha. Kaunsili wakaandika kwamba utafungwa, na mwenye neno aje kwenye mkutano aseme. Mama Njeri akawa anapita mlango kwa mlango kukusanya watu. Alipofika kwetu miye nikazima redio nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mama Zuwena! Wewe tokea bana! Najua uko ndani, hiyo chai yako naisikia harufu mpaka kwa ngazi!"

Kimya.

"Si nakuita kwa vita! Ni mkutano tu! Unakaa, unainua mkono, unakula biskuti zao, unarudi!"

Birika lenyewe likanisaliti, likaanza kupiga mluzi. Mama Njeri akaangua kicheko huko nje. "Haya, basi ambia birika lako lije. Angalau lina sauti."

Akaenda zake. Mkutanoni walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Ukumbi ukafungwa, ukatiwa kufuli, na mpaka leo umefungwa, humo ndani mna viti vilivyovunjika. Maulidi tunasomea kwenye flati ya mtu, wanawake wamejaa mpaka bafuni, mmoja anaitikia kaswida amekaa juu ya ukingo wa beseni. Kila nikiwaona nalikumbuka birika langu.

Nilidhani Mama Njeri atanisusa. Ningekuwa mimi, ningesusa. Kumbe wiki ile ile alikutuma wewe ushuke na bakuli la maharage na mahindi, amelifunika kwa sahani. Nikakaa nalitazama. Nikakuuliza, "Amesema nini?" Ukasema, "Amesema bakuli ni lake." Basi. Nikalirudisha na kachori. Tangu siku hiyo bakuli lile halijapumzika kwenye ngazi. Nilipopata ujasiri nikamuuliza kwa nini hakunikasirikia. Akasema, "Nilikukasirikia sana. Kwani ulidhani watakukula? Lakini mkutano ni siku moja, Mama Zuwena, na ngazi tunapanda kila siku."

Nimelala na maneno hayo mara nyingi.

Nije kwako sasa, na hiyo paspoti yako. Baba'ko, Mungu amrehemu, ndiye aliyeng'ang'ania Kidenmark mpaka wakampa uraia, na wewe ukaingia mgongoni kwake. Tulipokuja Uingereza watu wote wakawa wanafanya mtihani wa hapa ili wapate paspoti ya hapa. Nami nikaletewa kitabu. Nikasoma kwa kidole mpaka nikafika kwa mfalme mwenye wake wengi, nikakifunga. Nikamwambia baba'ko, "Wanaume wa namna hii nawajua, sihitaji kuwasomea." Alicheka, lakini alihuzunika. Nilikwepa mtihani kwa woga, si kwa mzaha, nilikuwa naogopa kukaa kwenye chumba na karatasi mbele yangu kama mtoto. Nikakukawiza na wewe, ukabaki na ile ya Denmark. Miaka yote nimekuwa nikijilaumu kuwa nimekufungia mlango. Leo Uingereza imetoka kwenye umoja wao wa Ulaya, wenzako wenye paspoti ya hapa wanahesabiwa siku za kukaa huko, na wewe unaingia, unakaa, unafanya kazi yako ya kuwatunza wazee, na unaambiwa unaweza hata kuwa diwani. Si akili yangu iliyofanya.

Nilikusikia ulivyonieleza juzi tukikunja mashuka. Kwamba mgeni anaweza kuwa diwani lakini meya hawezi, sheria inakataza. Nikasema alhamdulillahi, ukanirushia foronya. Kwamba sasa orodha lazima iende mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, kama shanga za rangi mbili, na mzee Lucien, mwenye orodha, wanaume anao tele lakini uzi umekatika kwa kukosa mwanamke. Kwamba kwenye karatasi ya kura, pembeni ya jina lako, wataandika kuwa wewe ni raia wa Denmark. Hapo tulicheka tena. Mtoto wa Kipemba, wa Hounslow, Wafaransa wanaambiwa huyu ni wa Denmark. Nikakuuliza hilo baraza lina kazi gani, ukasema mambo madogo tu mama, taa za njiani, mashimo ya barabara, ukumbi wa sherehe, makaburi.

Makaburi, ukasema, kama mtu anayetaja mashimo. Nikaendelea kukunja shuka.

Kisha ukaingiza neno jingine katikati, kwa haraka, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Ukasema, "Ila Joyce siku hizi haniamkii."

Joyce namjua. Nilipokuja kukutembelea wakati wa joto ndiye aliyenipokea zaidi hata kuliko wewe, maana wewe ulikuwa kazini. Aliposikia mama wa Zuwena katoka London alikuja na kofia yake ya majani, akanishika mkono, akanipeleka mpaka njia panda ya kuingilia kijijini anionyeshe maua. Akaniambia, "Haya nimeyapanda mimi. Nilikuwa diwani hapa miaka na miaka, mimi Mwingereza, na hakuna aliyelalamika." Nikamuuliza sasa je. Akasema, "Sasa nchi yangu imetoka, na mimi nikatolewa nayo. Hata kupiga kura hapa siwezi. Walinipa shada la maua. Mimi, ninayepanda maua, wakanipa maua ya dukani." Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umenibana. Halafu gari la mkate likapiga honi, tukaenda wote kununua, na kila mtu kwenye foleni alimwamkia kwa jina.

Sasa nafasi inayotafutiwa mwanamke ni yake. Hukuniambia hivyo, lakini mimi ni mama yako na kijiji ni kidogo. Neno lile lile la paspoti lililomtoa yeye ndilo linalokuingiza wewe. Yeye alikwenda huko kabla hujazaliwa, wewe juzi tu ulikwenda kuchuma zabibu na wenzako, ukasema unarudi wiki ijayo, ukabaki huko huko. Na wewe ndiye unayekwenda nyumbani kwake kumpima presha na kumvisha soksi zake za kubana miguu, na sasa anakunyooshea mguu bila salamu. Zuwena, miye nikisikia fulani haniamkii, siambiwi mara mbili ni kitu gani. Nakijua kinavyoingia. Kinaanza na salamu.

Ndiyo maana sikukujibu. Usiku ule nilitaka kukwambia usitie saini. Rudi kwenye hesabu yangu ya zamani, sema ndiyo kwa wote, usiwe na rangi, tunza wazee wa watu, funga mlango wako. Nilishayapanga maneno. Yakanikwama kwa sababu mbili.

Moja ni lile birika.

Nyingine ni baba'ko. Ulikuwepo, uliona, lakini hukujua unachokiona. Siku tuliyomzika, mvua ya hapa ile nyembamba, walikuja Wapemba kutoka kila pembe ya mji huu. Wa rangi hii na wa rangi ile. Walikuwemo ambao kwao na kwetu hatukuwa tukipeana maji. Mmoja ni mtoto wa yule jirani wa babu yako aliyekaa barazani akainamisha kichwa. Ana mvi sasa. Alipanda mabasi mawili kufika. Akaingia chini ya jeneza la baba'ko, na alipopokewa akazunguka akaja kuingia tena upande wa pili. Jeneza la baba'ko lilikwenda juu ya mikono kama kitu kisicho na uzito. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake, Mama Njeri amenishika, na wewe ukaniuliza mbona natabasamu. Sikuweza kukueleza siku ile. Nilikuwa nalitazama bega la Khamis likipona.

Imechukua umri wangu mzima na nchi tatu. Sitaki wewe ichukue hivyo.

Jana nilikuuliza hao Wafaransa neno kugombea wanalisemaje. Ukafikiri, ukasema, "Hawasemi kugombea, mama. Wanasema kama... kujitambulisha. Unajitambulisha mbele ya watu." Nikakwambia hilo ni neno la adabu. Unafika mahali, unasema miye fulani binti fulani, nimekuja. Halina ugomvi ndani yake. Sijui kama wanalifuata. Maneno mazuri yapo kila mahali na watu ni wale wale. Lakini lishike hilo, uache la kwetu.

Basi jibu langu ni hili. Radhi unayo. Ilikuwapo tangu kwenye basi, ilichelewa tu kushuka nami kituoni. Tia saini. Andika jina lako lote, Zuwena, si lile "Zuzu" wanalokuita huko, na jina la baba'ko lifuate, na pembeni waandike Denmark au waandike watakacho.

Lakini kuna jambo kabla ya saini. Nimekuwekea visheti kwenye makopo mawili, ndani ya begi la vyombo. Kopo jekundu ni lako. La buluu si lako, usilifungue, nakujua. Ukifika, kabla hujakata utepe wa boksi lolote, lichukue uende kwa Joyce. Usiende saa ya kazi, usiende na mashine ya presha. Nenda kama jirani. Na usimwombe ruhusa, maana hana ya kukupa, walimnyang'anya. Wala usimpe pole, pole alishapewa na shada la maua. Muulize mambo. Muulize maua ya njia panda yanataka maji mara ngapi. Muulize ni nani kwenye baraza lile anayesema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa mkono. Mtu aliyetolewa mahali hataki kuhurumiwa, anataka kuulizwa. Hilo nalijua kwa mwili wangu, nchi zote hizi watu wamenihurumia na ni wachache walioniuliza kitu.

Akifungua mlango, kaa, kunywa chai yake hata ikiwa ya baridi na maziwa mengi, kisha kaandike jina lako. Asipofungua, usibishe sana. Liweke kopo kizingitini, kisha kaandike jina lako vilevile. Asubuhi ya baada ya kura, gari la mkate likipiga honi, toka. Ukishinda toka, ukishindwa toka mapema zaidi. Mwamkie yeye kwanza, kwa sauti, mbele ya foleni nzima, na asipoitikia mwamkie tena siku gari likirudi.

Mwambie kopo ni la mama yako, na mama yako anajali makopo yake. Nasikia miguu yako inashuka kwenye ngazi, na kwa mwendo huo umebeba bakuli la watu.

Nitakapokupigia simu sitakuuliza kama umepata udiwani. Nitakuuliza kopo langu limerudi, na limerudi na nini ndani.

Mama